Mwongozo kamili: jinsi ya kumfundisha daktari wa magonjwa ya ndani kumpima na kumhudumia mzee wodini

Mzee anaingia wodini kwa nimonia, mkongojo mkononi. Anachomwa sindano zinazostahili, homa inashuka, kifua kinasafika, na wiki inapoisha anaruhusiwa akiwa amebebwa mgongoni na mjukuu wake. Kwenye faili nimonia imeandikwa vizuri, tangu picha ya kifua hadi dozi ya mwisho. Kwamba alikuja akitembea, hakuna mahali palipoandikwa.

Hapo ndipo wengi wetu tunaowasimamia madaktari tarajali na wanaosomea ubingwa wa magonjwa ya ndani tunapokwama. Tunatoa mhadhara wa afya ya wazee, tunagawa fomu ya kurasa nne, na mwisho wa mwezi fomu zinarudi zimejazwa jina, umri na jinsia. Vijana wetu si wavivu. Tumewafundisha huduma ya wazee kama somo la pembeni, ilhali ni kazi ileile ya magonjwa ya ndani ikifanywa kwa mgonjwa mwenye maradhi manne kwa mpigo.

Uingereza, anayetaka ubingwa wa magonjwa ya wazee hupita kwanza miaka 3 ya mafunzo ya magonjwa ya ndani, kisha husomea fani zote mbili kwa pamoja kwa muda usiopungua miaka 4. Marekani, njia ya kawaida ni miaka 3 ya magonjwa ya ndani na mwaka mmoja wa wazee juu yake. Huku kwetu Tanzania shahada ya uzamili ya magonjwa ya ndani ni miaka 3, na mzee wa kawaida hatakutana na bingwa wa wazee maisha yake yote. Atakutana na huyu kijana wako wa zamu. Basi afundishwe humohumo wodini, kwa wagonjwa waliopo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa bingwa au daktari kiongozi wa wodi. Daktari anayejifunza anaweza pia kuufuata mwenyewe, kama ana mtu wa kumtazama akifanya.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Viwekwe kwenye kisanduku kimoja, meza ya muuguzi. Kifaa kilichofungiwa ofisini kwa bingwa hakitumiki saa nane za usiku.

- Saa yenye mshale wa sekunde, au simu.
- Kiti chenye mikono, kigumu, kisicho na magurudumu.
- Utepe wa kupimia, na alama ya mita 3 iliyobandikwa sakafuni kwa plasta.
- Mashine ya presha yenye mkanda wa kawaida na mkanda mdogo, kwa sababu mkono wa mzee aliyekonda hudanganya kwenye mkanda mpana.
- Kipimo cha sukari na vibanzi vyake.
- Kifaa cha kuangalia ndani ya sikio.
- Miwani mbili tatu za kusomea za nguvu tofauti.
- Kiberiti cha njiti.
- Mzani.
- Mfuko wa nguo au wa karatasi wa kukusanyia dawa kutoka nyumbani.
- Fomu ya ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja tu, unaochapishwa pande mbili ikibidi.

Kisha watu. Utahitaji muuguzi kiongozi wa wodi, mfamasia, mtaalamu wa fiziotherapia na ofisa ustawi wa jamii. Zungumza na kila mmoja kabla ya kuanza, umwambie utamhitaji kwa robo saa kila wiki, siku na saa ileile. Ukiruka hili, hatua ya 7 haitafanyika.

## Hatua ya 1: Chagua mgonjwa anayefaa kufundishia

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60. Kwa haki na huduma, huo ndio mpaka. Kwa mafunzo, umri peke yake haukusaidii. Mwanamume wa miaka 63 anayelima na aliyekuja kwa malaria hahitaji tathmini ndefu. Mama wa miaka 71 aliyeanguka mara mbili mwezi huu anaihitaji leo.

Chagua mgonjwa mwenye angalau jambo moja kati ya haya: ameanguka, amechanganyikiwa, ameacha kutembea, ameanza kujikojolea, amekonda bila sababu inayojulikana, au anameza dawa tano na zaidi.

Kila daktari anayejifunza apewe mzee mmoja kwa wiki, ampime kikamilifu. Ukimpa sita atazijaza fomu sita kwa kubahatisha, na atakuwa amejifunza kubahatisha.

Tahadhari: usimchague mgonjwa anayehema kwa shida au aliye kwenye mshtuko. Huyo atibiwe kwanza. Tathmini itafuata akitulia.

Utajua umefaulu pale kijana atakapokuja yeye mwenyewe kukwambia, "Daktari, kitanda namba tisa anafaa," na akakupa sababu isiyo umri.

## Hatua ya 2: Mzee asikie, aone, ndipo aulizwe

Mfundishe kijana asogeze kiti, aketi, amwamkie mzee "shikamoo" na asubiri kuitikiwa. Adabu hiyo ni kipimo pia: namna mzee anavyoitikia inakwambia kama amesikia, kama yuko macho, kama pumzi yake inatosha sentensi nzima.

Halafu aangalie masikio. Nta iliyoziba sikio imewafanya wazee wengi waandikwe "haeleweki." Aulize kama kuna miwani iliyobaki nyumbani, kama ipo, iletwe. Kwa sasa atumie ya kisandukuni.

Kuongea na mzee asiyesikia vizuri kuna namna yake. Uso wako uwe kwenye mwanga, sauti iwe nzito na ya taratibu, sentensi fupi. Kupiga kelele hakusaidii, kwa sababu usikivu wa uzeeni hupotea kwanza kwenye sauti nyembamba, na mtu anapopaza sauti huwa anaipandisha juu, kulekule ambako mzee hasikii.

Tahadhari: mtoto wa mgonjwa ataanza kujibu. Anafanya hivyo kwa mapenzi. Kijana aseme kwa upole, "Asante kaka, nitakuja kwako baadaye, naomba kwanza nimsikie mzee mwenyewe." Na kweli arudi kwake baadaye, kwa sababu hatua inayofuata inamtegemea.

## Hatua ya 3: Andika alikuwaje kabla ya kuugua

Hii ndiyo hatua inayoachwa wazi kuliko zote, na ndiyo inayobeba nyingine. Usipojua mzee alikuwa anafanya nini wiki mbili zilizopita, huwezi kujua ugonjwa umemnyang'anya nini, wala matibabu yanatakiwa kumrudisha wapi.

Kijana aulize mambo sita ya mwili: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kujizuia haja, na kula. Kila moja ajibu: mwenyewe, kwa msaada, au hawezi. Orodha hii hujulikana kwa jina la Katz, na inafaa popote.

Orodha ya pili ni ya shughuli za maisha, na hii ilingane na maisha ya huyu mzee. Fomu za nje huuliza kuhusu kufua kwa mashine na kuendesha gari. Muulize kama anachota maji, anachochea moto, anapokea pesa kwenye simu bila kusaidiwa, anakwenda msikitini au kanisani kwa miguu, anatambua noti anapopewa chenji, anachuchumaa chooni na kuinuka. Hilo la mwisho lisisahaulike kamwe. Mzee asiyeweza kuchuchumaa hupunguza kula na kunywa ili asiende chooni, kisha anakuja kwako amekaukiwa maji, figo zimeshtuka.

Kisha swali moja: mabadiliko yalianza lini? Yaliyoanza kwa siku chache ni ugonjwa mpya, wa kutafutwa usiku huohuo. Yaliyokuja kwa miezi ni habari nyingine, na yana muda.

Tazama tofauti ya maandishi. Hivi ndivyo faili linavyosomeka mara nyingi:

> Mwanamke, miaka 78, ana presha, amekuja na udhaifu wa mwili siku tatu. Utendaji: mzee.

Na hivi ndivyo linavyotakiwa lisomeke:

> Mwanamke, miaka 78. Hadi Jumapili iliyopita alikuwa anajipikia uji, anaoga mwenyewe, anakwenda kanisani kwa mkongojo. Tangu Jumatano hainuki bila kushikwa na amejikojolea mara mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Taarifa: binti anayeishi naye.

Daktari yeyote akisoma maandishi ya pili anajua kuna kitu kimetokea Jumatano. Ya kwanza yanamruhusu kulala.

Tahadhari: andika aliyekupa taarifa. Mtoto anayeishi Dodoma na kumwona mama yake Krismasi kwa Krismasi hawezi kujua alikuwa anaogaje. Kama anayeishi naye hayupo hospitali, apigiwe simu.

Utajua umefaulu pale kwenye raundi kijana atakapoanza kumweleza mgonjwa kwa kile alichokuwa anakifanya, kabla hujamuuliza.

## Hatua ya 4: Pima akili, na uanze na kuchanganyikiwa kwa ghafla

Vijana wengi wanapomwona mzee asiyejibu vizuri huandika "demensia" (akili na kumbukumbu kudhoofika polepole) au "uzee." Wafundishe mpangilio mmoja wasiouvunja: kwanza ondoa kuchanganyikiwa kwa ghafla, demensia baadaye. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dharura kama kifua kinachobana. Nyuma yake kuna maambukizi, sukari iliyoshuka, dawa, mkojo ulioziba au damu kichwani.

Tumieni kipimo cha 4AT. Kinachukua kama dakika mbili na hakihitaji mafunzo maalumu. Kina sehemu nne:

1. Umakini wa macho. Yuko macho kawaida, au amezubaa, anasinzia, au amehamanika kupita kiasi? Akiwa si wa kawaida, alama 4.
2. Maswali manne: umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo, mwaka huu. Kosa moja alama 1. Mawili na zaidi, au kama hapimiki, alama 2.
3. Kutaja miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Akifika miezi saba bila kukosea, 0. Akianza akashindwa kufika huko au akikataa, 1. Kama hapimiki, 2.
4. Mabadiliko ya ghafla au yanayopanda na kushuka. Yakiwepo, alama 4.

Jumla ya 4 na zaidi inaashiria kuchanganyikiwa kwa ghafla. 1 hadi 3 inaonyesha huenda kuna shida ya kumbukumbu ya muda mrefu. Sifuri inatuliza moyo, ila si kama sehemu ya nne hukupata wa kumuuliza.

Sasa, wazee wetu wengi hawakusoma, na wengi wao tarehe ya kuzaliwa ni ile iliyokadiriwa siku ya kuandikisha kitambulisho. Mzee akikwambia alizaliwa "mwaka wa njaa" hajakosea. Kijana aandike kilichojibiwa neno kwa neno, na asimkate alama kwa jambo ambalo mzee hakuwahi kulijua hata alipokuwa mzima. Kwa miezi pia: wengine wa pwani huhesabu kwa mfungo mosi na mfungo pili, na wapo wasioijua miezi kwa majina ya shule. Mwombe basi ataje siku za wiki kurudi nyuma, na uandike kwamba umetumia siku. Ukipima namna hii, uzito zaidi uweke kwenye sehemu ya kwanza na ya nne, ambazo hazijali elimu.

Anayepiga kelele na kung'oa kanula hana shida ya kugunduliwa. Wa kumtafuta ni mzee aliyetulia, anayelala mchana kutwa, asiyeomba chakula wala maji. Wauguzi watasema hasumbui. Huyo ndiye kijana wako amwamshe na ampime, kila siku, kwa sababu hali hii hupanda na kushuka na asubuhi anaweza kuonekana mzima.

Akishaitambua, atafute chanzo kwa mpangilio: sukari kwa kidole papo hapo, oksijeni na idadi ya pumzi, presha, joto, kibofu kwa mkono, tumbo na choo kigumu, maumivu, malaria, chumvi za damu, dawa alizoanzishwa hivi karibuni, na kama alianguka wiki zilizopita. Akumbuke kwamba nimonia ya mzee huweza kuja bila homa, na mshtuko wa moyo bila maumivu ya kifua. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kuchanganyikiwa, au kuanguka tu.

Kumbukumbu ya muda mrefu ipimwe mzee akishatulia, na ikiwezekana wiki kadhaa baada ya kutoka. Kwa hili tuna kipimo kilichotengenezwa kwa watu wetu: IDEA, kilichozaliwa kwenye utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Mzee hahitaji kusoma wala kuandika. Anataja wanyama kwa dakika moja, anakumbuka maneno aliyosomewa, anaeleza kitu kama daraja ni nini, anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa. Ndiyo maana kiberiti kimo kisandukuni.

Tahadhari: usimpe diazepamu mzee aliyechanganyikiwa ili alale, isipokuwa chanzo ni kuachishwa pombe au dawa za usingizi, au degedege. Itamzidishia, na anaweza kuanguka usiku. Mwanafamilia akae naye, taa ya usiku iwepo, aelezwe mara kwa mara yuko wapi.

Tahadhari ya pili: familia inaweza kuamini kuna mkono wa mtu. Usibishane nao kitandani kwa mgonjwa. Waeleze ulichokiona, waonyeshe kipimo, na waombe wabaki naye wakati matibabu yanaendelea.

## Hatua ya 5: Mwaga mfuko wa dawa mezani

Waambie ndugu walete kila kitu mzee anachokinywa, kunusa, kujipaka au kudungwa: za hospitali, za duka la dawa, za jirani, na za mitishamba. Kijana na mfamasia wamwage mfuko mezani na kuvipanga pamoja. Mara nyingi utakuta dawa moja kwenye pakiti mbili zenye majina tofauti, na mzee anazimeza zote.

Kwa kila dawa yaulizwe maswali matatu. Inatibu nini? Tatizo hilo bado lipo? Dozi inalingana na figo zake?

Hilo la figo lifundishwe kwa hesabu, wala si kwa maneno. Chukua kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo) ya mikromoli 100 kwa lita, ambayo maabara nyingi haziitilii alama kubwa. Kwa kanuni ya Cockcroft na Gault, inayokadiria kazi ya figo kwa umri, uzito, jinsia na kreatinini, kijana wa kiume wa miaka 30 mwenye kilo 70 anapata uchujaji wa kama mililita 95 kwa dakika. Bibi wa miaka 80 mwenye kilo 45, kreatinini ileile, anapata 28. Metfomini, dawa ya kisukari, haitumiki chini ya 30. Mwache kijana aipige hesabu hiyo mwenyewe, kwa uzito uliopimwa kwenye mzani na si wa kukisia. Baada ya hapo hatahitaji mhadhara.

Dawa za kutafuta kwanza, kwa kadiri zinavyopatikana madukani kwetu:

- Diklofenaki na ndugu zake, dawa za maumivu, za vidonge na za sindano. Hupandisha presha, huharibu figo, huleta damu tumboni. Wazee wengi wanazo kwa ajili ya magoti.
- Glibenklamaidi. Hushusha sukari kwa muda mrefu, na orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema haifai kwa walio na zaidi ya miaka 60. Gliklazaidi ndiyo inayopendekezwa badala yake.
- Piritoni, amitriptilini, hayosini. Hukausha mdomo, hufunga choo na mkojo, huchanganya akili.
- Diazepamu ya usingizi. Huangusha watu.

Mfundishe pia kuiona dawa inayozaa dawa. Mzee anaanzishwa amlodipini ya presha, miguu inavimba. Anapewa furosemaidi ya kutoa maji mwilini, anakojoa usiku kucha. Anaamka gizani, anaanguka, nyonga inavunjika. Hapo alihitaji kubadilishiwa amlodipini tu.

Tahadhari: ondoa dawa moja kwa wakati mmoja, ili ujue iliyoleta mabadiliko. Na zipo zisizokatwa ghafla: atenololi na za jamii yake, steroidi za muda mrefu, fenobabito, na diazepamu iliyotumiwa kwa miezi. Hizo hupunguzwa polepole.

Utajua umefaulu pale orodha ya kutoka itakapokuwa na mstari usemao "dawa zilizosimamishwa," kila moja na sababu yake.

## Hatua ya 6: Mnyanyue

Presha ya mzee aliyelala ni nusu ya habari. Alale dakika 5, ipimwe. Asimame, ipimwe dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, kuna shida ya presha ya kusimama, na kabla ya kuongeza dawa ya presha ni lazima ujiulize mara mbili.

Kisha atembee. Anakaa kwenye kiti chenye mikono, anasimama, anatembea mita 3 hadi kwenye alama, anageuka, anarudi, anakaa. Akichukua sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Lakini mwambie kijana asiitazame saa peke yake. Aangalie kama mzee alijisukuma kwa mikono kuinuka, kama aliyumba kwenye kona, kama aliacha kutembea alipoongeleshwa.

Kijana atembee ubavuni, nusu hatua nyuma, mkono karibu na kiuno cha mzee bila kumshika. Mguu uliofupika na kugeukia nje usisimamishwe: huo ni wa picha ya nyonga.

Kupima tu hakutoshi. Kwenye utafiti mmoja, wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Wako ni mgonjwa, na hawezi kula vizuri. Kila siku basi kijana aandike agizo la kumtoa kitandani kama anavyoandika agizo la sindano: akae kwenye kiti wakati wa kula, atembee hadi mlangoni asubuhi na jioni, na nani atamshika. Dripu isiyo na kazi itolewe. Mpira wa mkojo uliowekwa kwa sababu tu pampasi ni ghali, utolewe. Unaleta maambukizi na unamfunga kitandani.

Mambo madogo ya mwili yaingie hapahapa, haraka: uzito, mzunguko wa shavu la mguu (chini ya sentimita 31 unatia shaka ya misuli kuisha), meno na vidonda vya mdomoni, visigino na kiuno kwa vidonda vya kulalia, kibofu baada ya kukojoa.

## Hatua ya 7: Kikao cha robo saa

Siku moja kwa wiki, tuseme Jumatano saa nne asubuhi, wote wasimame mahali pamoja: daktari anayejifunza, muuguzi, mfamasia, fiziotherapia, ustawi wa jamii. Kijana ndiye anayeongoza, bingwa anasikiliza.

Aeleze mambo matatu. Mzee alikuwa anafanya nini, sasa anafanya nini, na mwenyewe anataka nini. Hilo la mwisho aliulize mapema, kwa mzee mwenyewe. Jibu huwa mbali na tulilodhani: wengine hawana habari na presha, wanataka waweze kukaa kwenye msiba wa ndugu yao Jumamosi.

Kisha orodha ya matatizo. "Nimonia" ni moja. "Hawezi kuinuka kitandani" ni jingine, "anaishi na mjukuu wa miaka 12" ni la tatu, na yote yana uzito. Kila tatizo lipate mtu na tarehe. Kazi isiyo na jina la mtu haitafanyika.

Tahadhari: kikao kikivuka robo saa, wiki ijayo fiziotherapia hatakuja. Zungumzieni wazee wawili, watatu mwisho.

## Hatua ya 8: Mwandae kurudi nyumbani tangu siku ya pili

Maandalizi ya siku ya kuruhusiwa huwa ni ya kukimbizana na bili. Ofisa ustawi wa jamii ahusishwe mapema, hasa kwa mzee asiye na uwezo anayestahili msamaha wa gharama.

Kijana aulize nyumba ikoje: ngazi, umbali wa choo, taa ya usiku, anayepika, anayempa dawa. Kama choo ni cha kuchuchumaa, kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu kinatosha, na fundi yeyote wa mtaani anaweza kufunga bomba la kushika ukutani. Fiziotherapia amwonyeshe mlezi namna ya kumnyanyua mzee bila kumvuta makwapani.

Dawa ziandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwa nyakati za siku: asubuhi, mchana, usiku. Zile zilizosimamishwa zitengwe kwenye mfuko mwingine mbele ya ndugu na zisirudi nyumbani kimyakimya. Halafu mlezi aseme na kuonyesha mwenyewe: "Mama, naomba unionyeshe jioni utampa zipi." Akikosea, maelezo yako hayakueleweka. Rudia.

## Hatua ya 9: Mtazame kijana akifanya

Fomu iliyojaa haikuonyeshi kama amejua. Kila wiki tenga dakika 20, simama miguuni pa kitanda, kaa kimya, mtazame akifanya hatua moja tu: leo 4AT, wiki ijayo presha ya kusimama. Usiingilie isipokuwa mgonjwa yuko hatarini.

Mkitoka, kando ya wodi na si mbele ya wenzake, mwambie jambo moja alilofanya vizuri na moja la kurekebisha, ukitaja ulichokiona. "Ulimuuliza mtoto wake kabla hujamuuliza yeye" kunamsaidia. "Boresha mawasiliano" hakumsaidii.

Kila Ijumaa chukua mafaili matatu ya wazee bila kuchagua na utafute mistari minne: alikuwaje kabla ya kuugua, alama ya akili, presha akiwa amesimama, dawa zilizosimamishwa. Weka alama ya ndiyo au hapana tu. Mstari utakaokosekana kwenye mafaili mawili ndio wa kufundishwa Jumatatu, kitandani, kwa mgonjwa atakayekuwepo siku hiyo.